Yeye ni Nani? Historia ya Viwakilishi Chini ya Barua Pepe

Ikiwa umewahi kupokea barua pepe kutoka ofisi ya Marekani, Kanada au Uingereza, huenda umeona chini ya jina la mwandishi na cheo chake mstari mfupi wenye maneno mawili yaliyotengwa kwa mkwaju: "she/her", au "he/him", au "they/them". Mwanafunzi wa Kiswahili akiombwa kuutafsiri mstari huo hukwama. "She" ni yeye. "Her" ni yeye. "He" ni yeye vilevile. Tukiutafsiri neno kwa neno tutaandika "yeye/yeye", na mpokeaji atashuku kwamba mwandishi alikuwa anasinzia.

Mstari huo ni maelekezo. Mwandishi anawaambia wafanyakazi wenzake na wageni wanaomwandikia: mnaponitaja nisipokuwepo, nitajeni kwa neno hili. Kwa msemaji wa Kiswahili maelekezo hayo hayana kazi. Sarufi yetu inawaweka watu wote katika ngeli moja, ya A-WA. Tukisema "amefika", "anasoma", "atalipwa", kiambishi a- hakimwulizi mtu kama ni mwanamume au mwanamke. Ndivyo ilivyo pia katika Kinyarwanda, Kirundi, Kiganda na Kilingala. Wewe uliyelelewa katika mojawapo ya lugha hizo yamkini hukulifikiria jambo hili hata siku moja, mpaka ulipofika shuleni, ukaandika insha ya Kiingereza kuhusu mama yako, ukamwita "he", na mwalimu akakuzungushia duara la wino mwekundu.

Kiingereza kinamgawa mtu mmoja anayesemwa katika mafungu mawili, wa kiume na wa kike, na msemaji analazimika kuchagua fungu kabla ya kumaliza sentensi. Kifaransa nacho kinagawa. Kiarabu kimekwenda mbali zaidi, kwani hata "wewe" ya mwanamume si "wewe" ya mwanamke. Kwa hiyo katika lugha hizo neno dogo kama hili hubeba habari ya mtu kila anapotajwa, apende asipende. Hapo ndipo pana asili ya mzozo ninaotaka kukusimulia, ambao mwaka 2025 ulifika hadi katika maagizo ya serikali ya Marekani.

Usidhani kwamba watu walianza kugombania viwakilishi zilipokuja kompyuta. Katika Uingereza ya karne ya 17, mtu mmoja aliyesemeshwa aliweza kuitwa "thou" au "you". "You" lilikuwa neno la wingi, lakini lilitumiwa pia kwa mkubwa, kama heshima. "Thou" lilibaki kwa mtoto, rafiki na mtumishi. Ndipo likatokea dhehebu la Wakweka, wale ambao huko magharibi mwa Kenya tunawajua kama Marafiki, na ambao kituo chao cha Kaimosi kilianzishwa mwaka 1902. Wao waliamini kwamba mbele ya Mungu hakuna bwana wala mtwana, wakamwita kila mtu "thou", hata hakimu aliyekaa katika kiti chake. Walitukanwa, wakapigwa, na ukaidi huo ukawa miongoni mwa mambo yaliyowaponza mbele ya mahakama. Historia ina kejeli zake: leo "thou" imekufa katika mazungumzo ya kawaida, na Waingereza wote, tajiri na maskini, wanaitana kwa lile neno la heshima.

Lakini huna haja ya kwenda Uingereza. Tarehe 30 Juni 1960, katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, Patrice Lumumba alisimama mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji siku ya uhuru wa Kongo. Katika hotuba yake aliyataja madhila ya ukoloni: kazi za shuruti, matusi, kupigwa, ardhi kuporwa. Na katikati ya orodha hiyo nzito akataja kiwakilishi. Aliukumbusha umati kwamba Mwafrika aliitwa "tu", wala si kwa urafiki, kwa sababu "vous", neno la heshima la Kifaransa, lilikuwa limetengewa wazungu peke yao. Fikiri jambo hilo kidogo, msomaji. Mtu aliyekuwa na machungu ya miaka themanini ya kusimulia, mbele ya mfalme, hakuona kwamba neno lenye herufi mbili ni dogo mno kuingizwa katika hotuba ya siku ile.

Hiyo ilikuwa nafsi ya pili. Nafsi ya tatu ina kesi yake, na ninaposema kesi nina maana ya kesi ya mahakamani.

Waandishi wa Kiingereza walikuwa na tatizo la zamani: utamtajaje mtu ambaye hujui kama ni mwanamume au mwanamke? Watu wa kawaida walitumia "they", neno la wingi, kwa mtu mmoja, na matumizi hayo yanaonekana katika maandishi ya tangu karne ya 14. Wanasarufi wa karne ya 18 hawakupendezwa. Walifundisha kwamba "he" linatosha kwa wote. Miongoni mwa waliofundisha hivyo alikuwamo mwanamke, Ann Fisher, mwalimu wa Newcastle. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza likaifanya kanuni hiyo kuwa sheria: katika sheria zote, maneno ya jinsia ya kiume yahesabiwe kuwa yanawahusu wanawake pia, isipokuwa pale sheria yenyewe inaposema vingine waziwazi. Lengo lilikuwa kufupisha lugha ya sheria tu.

Wanawake waliisoma sheria hiyo kwa makini kuliko walioitunga. Mwaka 1867 Bunge lilipokuwa likijadili kupanua haki ya kupiga kura, mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyekuwa mbunge, alipendekeza kwamba neno "man" katika muswada liondolewe na mahali pake liwekwe "person", yaani mtu. Tarehe 20 Mei alishindwa kwa kura 196 dhidi ya 73. Sheria ikapita na neno "man". Sasa wanawake wa Manchester wakauliza: kama sheria ya 1850 inasema la kiume linatuhusu na sisi, je, "man" si sisi pia? Mwishoni mwa mwaka ule mwenye duka mmoja wa mji huo, Lily Maxwell, ambaye jina lake liliingia katika daftari la wapiga kura kwa makosa ya karani, alikwenda akapiga kura. Mwaka uliofuata maelfu ya wanawake wa Manchester waliomba kuandikishwa. Shauri lao, linalojulikana kama Chorlton dhidi ya Lings, lilifika mahakamani mwezi Novemba 1868, na majaji wakasema la hasha: katika suala la kura, mwanamume ni mwanamume.

Hebu tazama kilichotendeka. Kodi ilipotozwa, "he" aliyetajwa katika sheria alikuwa pia mwanamke. Alipohukumiwa mhalifu, "he" alikuwa pia mwanamke. Lilipofika sanduku la kura, mwanamke akatolewa ndani ya neno lilelile. Ng'ambo ya bahari, Susan B. Anthony, aliyepiga kura mjini Rochester mwaka 1872 na kushtakiwa kwa kosa hilo, aliisema hoja hiyo kwa ukali katika hotuba zake: sheria za jinai za Marekani zimejaa "he" na "him", na bado wanawake hushtakiwa na kunyongwa kwa sheria hizohizo; basi kiwakilishi kinachotosha kumtia mwanamke kitanzini kitoshe pia kumpa kura. Mwaka 1873 alitozwa faini ya dola 100. Hakuilipa.

Kanuni ya 1850 iliwafuata Waingereza walikokwenda kutawala. Sheria za tafsiri za Kenya, Uganda na Tanzania bado zina kifungu kinachosema kwamba maneno ya kiume yanajumuisha ya kike. Wenye kuandika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 waliamua kuandika "he or she" badala ya kutegemea kanuni hiyo. Katiba ya Tanzania kwa upande wake ina nakala ya Kiswahili, na humo anayechukua nafasi ya Rais aliyefariki "ataapishwa". Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, nakala ya Kiingereza ilikuwa bado inamwita Rais "he" mahali pengi. Nakala ya Kiswahili haikuwa na la kurekebisha, maana a- ilimkaa sawasawa.

Kiingereza hakikukosa watu waliotaka kukipa kiambishi kama chetu. Aliyenivutia mimi zaidi ni Charles Crozat Converse, mwanasheria wa Marekani, ambaye mwaka 1884 alitangaza kiwakilishi kipya alichokiunda, "thon", cha mtu yeyote bila kujali jinsia. Neno hilo liliingia katika kamusi ya Merriam-Webster mwaka 1934, likatolewa mwaka 1961 kwa kukosa watumiaji. Jina la Converse limedumu kwa kazi nyingine kabisa: ndiye aliyetunga tuni ya ule wimbo unaomsifu Yesu kuwa rafiki yetu, ambao Wakristo wa Afrika Mashariki wanauimba mpaka leo bila kujua kwamba mtunzi aliwahi kuhangaikia sarufi. Wasweden walifanikiwa zaidi. Kiwakilishi chao "hen", kilichopata msukumo kutoka "hän" ya Kifini, lugha isiyogawa jinsia kama yetu, kilikubaliwa katika kamusi rasmi mwaka 2015. Na Kiingereza mwishowe kikarudia "they" ya mababu: mwaka 2019 Merriam-Webster waliongeza maana ya mtu mmoja asiyejihesabu kuwa mwanamume wala mwanamke.

Tumekaribia sasa barua pepe, lakini kabla ya kuifikia tupite kwanza kwenye barua iliyopigwa taipu. Katika karne ya 20, mwanamke aliyeandika barua ya kikazi kwa Kiingereza alifundishwa kuongeza kando ya sahihi yake, ndani ya mabano, "Miss" ikiwa hajaolewa au "Mrs." ikiwa ameolewa. Mwanamume hakuongeza kitu. Yaani ofisi ilitaka kujua, kabla ya kumjibu mwanamke kuhusu ankara au ombi la kazi, kama ana mume. Wanawake waliochoshwa na jambo hilo walilieneza neno "Ms.", lisilotaja ndoa, na gazeti la New York Times lilishikilia msimamo wa zamani mpaka mwaka 1986 ndipo likakubali kulitumia. Kwa hiyo anayesema kwamba kutaja jinsia chini ya sahihi ni uzushi wa vijana wa leo hajapata kusoma kitabu cha makatibu muhtasi cha zamani. Lililo jipya ni kwamba mwenye sahihi ndiye anayejichagulia neno.

Desturi hii mpya ilikua vyuoni. Chuo Kikuu cha Vermont kilianza mwaka 2009 kuwaruhusu wanafunzi kuandikisha kiwakilishi wanachotaka watajwe nacho. Waliohitaji zaidi ni watu waliozaliwa wakaandikwa jinsia moja na wakaja kuishi kwa nyingine. Kwa mtu wa namna hiyo, kuitwa "he" mbele ya wafanyakazi wenzake ilhali anaishi kama mwanamke ni kufichuliwa upya kila siku ya kazi. Baadaye wengine wakauongeza mstari huo katika sahihi zao ili wale wachache wasionekane peke yao. Mwaka 2021 mtandao wa LinkedIn ulitenga nafasi ya viwakilishi katika wasifu wa mtu, na mwaka huohuo fomu ya mawasiliano ya Ikulu ya Marekani, chini ya Rais Biden, ikawa nayo nafasi hiyo.

Kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi sana, na inatuhusu sisi. Mzungu wa Toronto anayepokea barua kutoka kwa Amani wa Bukavu, au kwa Mugisha wa Kigali, hajui aandike "Dear Sir" au "Dear Madam". Majina mengi ya Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo hupewa wavulana na wasichana bila ubaguzi. Wanawake wetu wengi wanaofanya kazi na mashirika ya nje wamezoea kuitwa mabwana katika barua. Mstari wa "she/her" huwaondolea adha hiyo, hata kama hawana habari na mjadala wa Marekani.

Wapinzani nao wana sababu zao, na ni haki uzijue. Wako wanaoamini, kwa dini au kwa mtazamo wao wa maumbile, kwamba jinsia haichaguliwi, nao huona kwamba kuandika mstari huo ni kukiri wasichokiamini. Wako wanawake wanaosema: nimehangaika miaka yote nihesabiwe kwa kazi yangu, mbona mnataka nianze kwa kutangaza kwamba mimi ni mwanamke? Na wako wale ambao mstari huo ulikusudiwa kuwasaidia, lakini hawajawa tayari kusema lolote. Ofisi ikilazimisha kila mtu aandike, wao watabaki na uchaguzi wa kusema uongo au kujianika.

Mwaka 2023 wafanyakazi wawili wa Chuo Kikuu cha Houghton, chuo cha Kikristo katika jimbo la New York, walipoteza kazi baada ya kukataa kuondoa viwakilishi katika sahihi zao, ijapokuwa chuo kilisema hicho hakikuwa sababu pekee. Hicho ni chuo binafsi chenye imani yake. Kilichofuata kilikuwa cha dola. Tarehe 20 Januari 2025, siku alipoapishwa, Rais Trump alitia saini amri ya kwamba serikali ya shirikisho itambue jinsia mbili tu, zisizobadilika. Tarehe 29 Januari ofisi inayosimamia watumishi wa serikali iliziagiza idara zote zizime, katika mifumo yao ya barua pepe, sehemu inayomwuliza mtumiaji viwakilishi vyake. Muda wa mwisho ulikuwa Ijumaa tarehe 31 Januari, saa kumi na moja jioni. Watumishi wa idara kadhaa, ikiwemo kituo cha kudhibiti magonjwa cha CDC, waliagizwa kufuta mstari huo katika sahihi zao kabla ya saa hiyo. Madaktari na wataalamu wa takwimu wakaacha walichokuwa wakifanya, wakafungua mipangilio ya barua pepe, wakafuta maneno mawili.

Mimi sioni tofauti kubwa kati ya mwajiri anayeamuru maneno hayo yaandikwe na mwajiri anayeamuru yafutwe. Wote wawili wameingia mahali ambapo raia anajitambulisha kwa jina lake mwenyewe. Mwenye sahihi akitaka kuandika, aandike; asipotaka, aachwe. Najua wapo wasomaji wangu watakaonipinga, baadhi kwa upande mmoja na baadhi kwa upande wa pili. Ila ukitaka kunipinga, nieleze kwanza ungewajibu nini wale wanawake wa Manchester.

Wala tusijivune kupita kiasi kwa sababu ya a- yetu. Kuwa na ngeli isiyobagua hakujatufanya tusiobagua. Jinsia ikiondoka katika kiambishi inaingia kwa mlango mwingine: mama, baba, dada, kaka, shangazi, mjomba, Bwana, Bibi. Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi mkurugenzi wa kike ataitwa "mama" na mwenzake wa kiume ataitwa "bosi", na a- itasimama pembeni ikitazama. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilijaribu kulifunika hilo kwa neno "Ndugu", lililotangulia jina la kila mtu, waziri na mkulima, mume na mke, na mpaka leo lingali linatumika katika barua za chama na za serikali. Kwa maoni yangu ni neno zuri kuliko yote tuliyo nayo ya kuanzia barua kwa mtu usiyemjua, nami nakushauri ulitumie.

Limebaki lile swali la tafsiri. Ukipewa barua ya Kiingereza yenye "she/her" chini ya sahihi, usiandike "yeye/yeye", na usiandike "mwanamke" ndani ya mabano, kwa sababu mwandishi hakuorodhesha maumbile yake. Ameeleza namna ya kumtaja katika lugha yake. Uache mstari huo ulivyo, kama unavyoacha anwani na namba ya simu. Akiwa ameandika "they/them", jihadhari usimgeuze kuwa kundi la watu: "Amani said they will come" si "Amani alisema watakuja". Halafu endelea na barua: "Ndugu Amani amepokea waraka wako, ameusoma, na atakujibu Jumatatu."